Matairi Membamba ya Novatus

Pale stendi ya Ngara, waendesha bodaboda humwita Scola "Mama Tairi". Ni mwanamke mrefu, wa maneno machache, na mikono yake hunukia mpira hata Jumapili kanisani. Kazi ya kutengeneza matairi alifundishwa na mumewe, Novatus. Novatus alipofariki kwa ugonjwa wa moyo, watu walidhani banda lao litafungwa. Halikufungwa. Mazishi yalipokwisha, Scola alifungua mlango, akawasha kompresa, akaendelea na tairi ambalo mumewe aliliacha juu ya benchi.

Kitu kimoja tu hakukigusa. Ndani kabisa ya banda, chini ya turubai, lilikaa gari dogo la spoti ambalo Novatus alilinunua Mwanza likiwa bovu, akalifufua mwenyewe. Lina viti viwili, halina paa, na ni jepesi kiasi kwamba vijana wa stendi waliwahi kulinyanyua kwa mzaha wakaligeuza litazame ukuta. Injini iko nyuma ya viti. Mbele hakuna mzigo wa maana. Kwa hiyo Novatus aliliwekea nyuma matairi mapana na mbele membamba, ya upana wa 165. Wenzake walimcheka, wakasema amelivalisha gari viatu vya mtoto.

"Tairi pana lisipokuwa na mzigo halikanyagi barabara," alikuwa akiwajibu. "Linaipapasa tu. Likikuta maji, linaelea."

Katika ukoo wao, siku ya kuondoa msiba, vitu vya marehemu hukabidhiwa kwa neno. Mama yake Novatus, Bibi Bernadetha, aliketi uani kwake Kirushya akaviita kimoja kimoja. Jembe alilisemea: "Hili halipendi mawe. Mlimie maharage." Baiskeli akaisemea: "Breki ya kweli ni ya nyuma." Kila mrithi akanywa funda la pombe ya ndizi, akapokea chake. Ilipofika zamu ya gari, bibi aliutazama ufunguo, akaupindua kiganjani, akakosa la kusema. Maisha yake yote hakuwahi kupanda chombo kile. Akampa Wiston, mdogo wa marehemu, bila neno. Watu wakacheka, pombe ikaendelea.

Siku chache baadaye Wiston alifika bandani na rimu mpya zenye matairi mapana ya 195.

"Shikamoo shemeji. Haya, yafunge mbele. Jumapili nasindikiza harusi Biharamulo, na gari lina mabega membamba kama ya katekista."

"Marahaba. Mbele halina uzito, Wiston."

"Uzito nitakuwa mimi!"

"Wewe? Upepo wa Ngara wenyewe unakuonea huruma."

Wiston alicheka hadi akaegemea mlango. Lakini hakubadili nia. Alisema tairi pana lina mshiko zaidi, na Scola hakuweza kumkatalia moja kwa moja, maana kwenye lami kavu na gari zito jambo hilo ni kweli. Ila masika yalikuwa yameanza, na barabara ya Biharamulo ina mabonde ambako maji hutuama. Alipiga jeki, akafunga 195, akayaegemeza yale membamba ukutani. Wiston alifunga usukani magurudumu yakiwa yamenyooka, akatia ufunguo wa pekee mfukoni, akaondoka; gari likabaki bandani kungoja Jumapili.

Asubuhi ukungu ulikuwa umeingia bandani kupitia chini ya mlango. Scola alipoinua turubai alikuta magurudumu ya mbele yamekata kushoto hadi mwisho. Sakafuni, chini ya madigadi, palikuwa na unga mweusi. Aliuchota kwa kidole. Ulikuwa mpira. Matairi mapana yalikuwa yamesagana na madigadi, kana kwamba mtu alikaa usiku kucha akizungusha usukani huku na huku, akijaribu jambo lisilowezekana.

Aligusa tairi. Lilikuwa na joto.

Alifagia unga ule, hakumwambia mtu. Siku iliyofuata magurudumu yalikuwa yamekata kulia, na unga umeongezeka. Siku ya tatu Scola alijikuta anawahi kuliko kawaida, amejifunga kitenge kizuri. Aliweka kiganja juu ya tairi lenye joto, akakiacha pale mpaka likapoa. Hakuogopa. Hilo ndilo lililomwogopesha.

Ijumaa alipanda bodaboda hadi Kirushya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Au siku hizi unakula matairi?"

Scola alimweleza yote. Bibi Bernadetha aliacha kumenya ndizi, akaweka kisu chini.

"Jembe tulilisemea," alisema. "Gari hatukulisemea. Novatus amebaki na neno lake, hana wa kumpa."

"Tufanye nini?"

"Neno unalijua wewe. Mimi silijui. Mpe Wiston, na marehemu atatulia." Akamtazama usoni. "Lakini akishasikilizwa, Scola, hatarudi tena. Ndivyo walivyo."

Njia nzima ya kurudi Scola alilibeba hilo. Angenyamaza, Wiston angeondoka Jumapili juu ya matairi yanayoelea, na labda angefika, labda asifike; naye angeendelea kuukuta ule unga, na lile joto. Angesema, banda lingebaki banda tu, bila Novatus.

Jumamosi alimwita Wiston, akamwonyesha. Wiston alicheka kwanza. Kisha akaushika usukani, akaukuta umefungwa vilevile alivyoufunga, huku magurudumu yamepinda hadi mwisho. Akapapasa ufunguo mfukoni mwake. Kicheko kikakatika.

"Shemeji, ni nani aliyekata kona hapa?"

Scola alipiga jeki, akalegeza nati, akarudisha yale membamba. Kisha akamimina pombe ya ndizi kwenye kikombe.

"Chovya midomo tu, kesho unaendesha. Sikiliza. Hili halipendi haraka kwenye maji. Mbele limevaa membamba ili lipasue maji, na ili likuambie mapema likitaka kuteleza. Likikuambia, usibishane nalo."

Wiston akapokea kwa mikono miwili.

Jumapili jioni alipiga simu kutoka Biharamulo, sauti imemshuka. Mvua ilimkuta njiani, bondeni maji yamefunika lami na lori limekwama katikati. "Usukani ulinitetemekea mkononi kabla sijaona kitu," alisema. "Nikatoa mguu taratibu. Likanitii, shemeji. Yale mapana yangenipeleka moja kwa moja kwenye lori."

Aliporudisha gari alimwachia Scola ufunguo. Asubuhi Scola aliinua turubai. Magurudumu yalikuwa yamenyooka, sakafu safi, matairi baridi kama mawe ya mtoni. Ikawa hivyo kesho yake, na kesho kutwa.

Jioni moja, wateja walipokwisha, alikaa nyuma ya usukani, akaufungua, akaukata kushoto hadi mwisho kwa mikono yake mwenyewe, aone kama kuna wa kuunyoosha. Akaufunga, akafunika turubai, akaenda kulala na ufunguo chini ya mto.

Alfajiri ukungu ulikuwa umetangulia kuingia. Aliinua ncha ya turubai polepole.

Magurudumu yalikuwa yamenyooka.