Kadi ya Daghal

Siku ya kwanza kazini nilivaa tai. Ofisi ya kamusi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la misumari, karibu na soko la Kibuye. Mhariri Mkuu alinitazama shingoni. "Bwana Ouma, hapa hakuna harusi. Vua hiyo, shika kadi."

Nilikuwa na shahada mbili na Kiarabu cha vitabuni, maana yake niliweza kusoma kila kitu bila kuelewa nusu yake. Tulikuwa tukitunga kamusi ya Kiarabu kwa Kiswahili. Maneno tuliyapanga kwa mzizi, yaani zile konsonanti, aghalabu tatu, zinazozaa ukoo mzima wa maneno. Kila mzizi ulikuwa na kadi: juu fasili, yaani maelezo ya maana; chini, herufi za mwanzo za jina la mtu aliyeeleza. Si aliyeandika. Aliyeeleza. Herufi hizo huchapwa pia kitabuni, na Mhariri Mkuu alitukumbusha sheria hiyo kila Jumatatu.

Tulikuwa wawili wa majaribio: mimi na Mzee Salim, mzaliwa wa Kisumu, aliyefundisha madrasa miaka mingi bila cheti chochote. Mmoja wetu tu angeajiriwa.

Mzizi ulionishinda ulikuwa d-gh-l. Vitabu vilisema daghal ni miti iliyosongamana. Mstari wa pili, bila haya, vikasema ni khiana. Siku tatu niliandika na kufuta. Mzee Salim alichoka kunitazama, akanipeleka ufukweni, ambako gugumaji lilikuwa limefunga ziwa.

"Unaona nini, omera, ndugu yangu?"

"Majani."

"Muulize mama huyo."

Mama aliyekuwa akianika omena, wale dagaa wa ziwani, hakungoja kuulizwa. "Hapo ndani ndio wanajificha. Unaacha nyavu yako, wanatoka kwa majani wanabeba yote. Asubuhi ni haohao wanakusalimia, 'Mama, habari?'"

Mzee Salim akanigeukia. "Waarabu nao walihofia kichaka kwa sababu ya anayevizia ndani. Kisha chochote kigeni kinachoingizwa katika jambo ili kuliharibu, wakakiita hivyohivyo."

Nilirudi ofisini nikikaribia kukimbia. Niliandika kadi, na chini yake nikatia herufi zangu. Nilijiambia zake nitaziongeza kesho. Kesho yake kadi zilikuwa zimekusanywa. Ningeweza kuiomba. Sikuiomba.

Ijumaa, Mhariri Mkuu aliisoma mbele yetu sote. "Hii ni ya mtu anayejua. Ouma, umeitoa wapi?"

"Nilienda ziwani," nikasema. Haukuwa uongo, ndiyo maana jibu hilo linaniwasha hadi leo.

Mzee Salim alikuwa ameketi kando yangu. Alivua kofia, akaikunja, akaivaa tena. "Ameandika vizuri," alisema.

Kazi nikapata mimi. Yeye alienda kuuza mitumba Kibuye, dakika tano kutoka ofisini, nami kwa miaka yote iliyofuata nikawa nazunguka mbali kwenda kula mchana. Nilipanda cheo hadi mhariri msaidizi. Niliwafundisha wafanyakazi wapya sheria ya herufi, kwa ukali.

Mwaka jana mgongo ulinistaafisha mapema. Toleo jipya lilikuwa likiandaliwa, basi nikaenda sokoni, nikamkuta Mzee Salim kwenye meza ya makoti. Nilimwambia yote, nikaahidi kwamba herufi zangu zitatoka na zake zitaingia.

"Kumbe njia ya huku unaijua," alisema.

"Mzee, ni haki yako."

"Ilikuwa haki yangu siku ile, nimekaa hapo kando yako, nangoja ufungue mdomo. Leo ukiniandika, nani atafaidi? Wewe utalala vizuri. Hapana, bwana. Acha zako palepale." Akamgeukia mteja. "Mama, koti hilo limekukaa! Jaribu na mkono wa pili."

Toleo jipya mnalo sasa, vijana. Mkifika kwenye mzizi huo mtaona fasili safi, na mwishoni mwake herufi zangu.