Nyuma ya Jukwaa

Timu ikicheza, rais wa klabu haangalii mpira. Huvaa koti lake la kahawia, ambalo halijafuliwa tangu timu ipande daraja, akazunguka nyuma ya jukwaa huku kiganja kikiparuza ukuta. Akifika kwenye dirisha la Nélida, mfua jezi, huchungulia.

“Bi Nélida, vipi?”

“Bado, Rais.”

Hata wakiongoza mabao matatu, jibu ni hilo. Hapa Santa Fe, kutaja ushindi kabla ya kipenga cha mwisho ni kuita mkosi.

Jumapili ya uchaguzi wa meya, ambao rais mwenyewe aligombea, uwanja ulikuwa mtupu, naye alizunguka vilevile, na koti lilelile. Akishinda, kiti cha klabu atakiacha. Ndiyo sheria ya klabu. Jioni redio ya Nélida ikamtangaza yeye kuwa meya, na honi zikaanza kumwita langoni. Nélida akaizima. Kichwa kikatokea dirishani, kikitoka jasho.

“Bi Nélida, vipi?”

Nélida aliendelea kukunja jezi. “Bado, Rais. Hebu zunguka, hilo koti linanuka.”

Honi alizisikia. Akacheka kidogo, kiganja kikarudi ukutani.