Nyekundu na Kijani

Jumapili, Julai. Upepo wa baridi tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye maji ya kunywa. Mjukuu wangu anapaka rangi ya kucha hapa mlangoni, na harufu yake imenirudisha kwetu Kinampanda, wakati maduka yalipoanza tena kuwa na vitu.

Gramafoni yetu ilikaa kimya miaka mingi kwa kukosa sindano. Kichwa chake kilikuwa na sindano mbili, unakigeuza: moja ya santuri nene za zamani, moja ya zile nyembamba. Rangi za kiwandani zilipofutika, mama aliipaka ile ya santuri nene rangi ya kucha nyekundu, kwa sababu ikigusa nyembamba inazichimba. Sote tukashika hivyo: nyekundu ni hatari.

Baba akapata kichwa kipya dukani Shelui. Nilikuwa naye. Mwenye duka alisema, "Nyekundu ni ya nyembamba, kijani ya nene," lakini baba alishatoka kuwahi lori. Simlaumu.

Jioni bibi, mama yake baba, alisogea karibu, akafungua kitambaa cha kichwani ili asikie vizuri. Tulikuwa na santuri nyembamba moja yenye sauti ya binti yake, shangazi Naomi, aliyekwisha kufariki. Sauti yake haikuwepo penginepo. Baba akageuza upande wa kijani, kwa ile hofu yetu ya nyekundu.

"Baba, mwenye duka alisema..."

"Nyamaza, wakubwa wapo."

Mkono wa gramafoni ukaanza kushuka.

Mama akasema taratibu, "Baba Neema, anza na ile yangu ya harusi. Nina hamu nayo."

"Leo ndiyo umeikumbuka?"

"Mpe," bibi akasema. "Na yeye ana masikio."

Santuri ya mama, nyembamba pia, ikaimba, ikakwaruza, na uzi mweusi kama unywele ukajikunja kwenye sindano. Baba akainua mkono wa gramafoni. Akautazama uzi, akamtazama mama. Akageuza nyekundu, akaweka santuri ya shangazi.

Shangazi akaimba. Bibi akaitika kwa Kinyiramba, kama anayeitwa kutoka shambani.

Nilidhani mama alitaka wimbo wake tu. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba alinisikia, na kwamba asingemsahihisha mumewe mbele ya mkwewe, ndiyo maana akatanguliza santuri yake. Labda namsifu mno, sikuwahi kumwuliza.

Usiku ule tulikula ugali wa mtama na mlenda. Baba alimsogezea mama bakuli kwanza.