Haijachuja, Imechujwa

Shangazi yangu hana haraka na jambo lolote. Chai anaichuja mara mbili, umbea anauchuja mara tatu, na wachumba aliwachuja mpaka wakaisha. Kwenye benki ya damu ya hospitali, tabia hiyo ndiyo inayomlisha. Anatundika mfuko wa damu juu, katikati chujio, chini mfuko mtupu, kisha anaiacha ishuke yenyewe. Chembe nyeupe za aliyeitoa hunasa humo, maana zikiingia kwa mtu mwingine zinaweza kumpandishia homa na kumtetemesha.

Mama yalimkuta hayo. Safari iliyopita aliwekewa damu isiyochujwa, akatetemeka vibaya, akaapa hawekewi tena. Sasa amelazwa, midomo imempauka, na daktari ametuambia waziwazi kwamba bila damu tutampoteza. Baba akajitia kumbembeleza.

"Mke wangu, leo utapewa ile iliyochuja."

"Iliyochuja? Kama shuka kuukuu?" Mama akageukia ukutani. "Nirudisheni nyumbani!"

Baba huyoo, mbio hadi benki ya damu kwa shangazi. "Dada, ikamue iishe, mwenzio anataka kuondoka!"

"Kaka, hii si nguo. Ukiikamua, nilichokinasa kitapenya."

Baba akaketi kwenye stuli, akikodolea macho matone kana kwamba yatamwonea aibu yaongeze mwendo. Damu ilipokwisha kushuka, shangazi akafuatana na nesi hadi wodini, Baba nyuma yao.

"Wifi, hebu itazame. Imechuja hii?"

Mama akafungua jicho moja. "Mbona imekolea?"

"Haijachuja, imechujwa. Kaka yangu amemeza herufi."

"Huyo? Humeza chochote," Mama akasema, akatoa mkono.

Damu ikaanza kuingia. Tukakaa kumtazama, Baba kando ya kitanda. Mara nikaona blanketi linachezacheza.

"Anatetemeka!"

Nesi akaja, akamwekea kipimajoto. Hakuna homa. Mama akalifunua blanketi polepole: chini yake Baba alikuwa ameung'ang'ania mkono wake wa pili, na mkono uliokuwa ukitetemeka ni wa Baba.

"Nesi," alisema Mama, "mimi mzima. Mpime huyu."

Shangazi akacheka, kisha akalia, wala hakujificha.