Mfungo kwa Ajili ya Tumbo la Mwangangi

Marehemu Mwangangi alikagua nyama machinjioni Dagoretti hadi akastaafu. Matumbo ya ng'ombe aliyapindua kwa mikono yake bila kukunja uso, lakini tumbo lake mwenyewe hakutaka litajwe hata na mkewe. Nalo lilikuwa limekataa kufunguka, siku nenda siku rudi, mpaka akawa anakaa mezani kama mgeni, akiugusa muthokoi wake wa mahindi ya kukoboa kwa ncha ya kijiko. Hospitali walimpima wasione ugonjwa, wakampa dawa za kulainisha choo. Zilifanya kazi, kisha zikachoka.

Mwelu, mkewe, ndiye aliyesikia habari za kliniki ya Kihindi kule Hurlingham, ambako humtia mgonjwa mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto kwa njia ya nyuma. Alimbembeleza mzee tangu masika ya mwaka 2006 hadi baridi ya Julai. Alipokubali, Mwelu alimshukuru Mungu. Alishukuru mapema.

"Mzee, umekula nini leo?" aliuliza Lornah, mhudumu wa kliniki, bakuli la mafuta likiwa mkononi.

"Sijakula. Nimefunga."

Lornah alimtazama Mwelu. Mafuta haya hutiwa baada ya mlo, alisema. Kwa tumbo tupu daktari hakubali. Si waliambiwa kwa simu?

"Baba Kanyiva," Mwelu alisema polepole, "uji niliokuachia umeenda wapi?"

"Nimempa mbwa. Kanisa zima linafunga wiki hii."

"Linafunga kwa ajili ya nini?"

Mwangangi alikohoa. "Tumbo langu. Nilimnong'oneza mchungaji tu, naye akalitangaza siku ambayo hukuwapo."

Mwelu alijishika kichwa. Akina mama wote wa ushirika walishinda njaa ili mtu huyu apone, na yeye kwa njaa yake mwenyewe alikuwa ameifungia dawa mlango.

"Nitakulaje," mzee alisema, "na hata Nzula wa ushirika, na kisukari chake, ananifungia? Mimi ni mzee wa kanisa. Turudi wiki ijayo."

"Wiki ijayo utakuwa na sababu nyingine. Yule aliyepooza katika Injili alibebwa na watu wanne. Umesoma wapi kwamba naye alishika pembe ya mkeka?"

Lornah aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Mzee alilielekezea kidole lile bakuli. "Na hayo mafuta, si ni chakula?"

"Yanapitia mlango mwingine. Mchungaji hakuutaja," alisema Mwelu.

Wakamletea wali laini wa ndengu. Akauombea hadi ukapoa, akaula wote, kisha akaingia chumbani akiwa amekaza taya kama anayekwenda kuapishwa.

Walirudi mara kadhaa. Tumbo likatulia, na Mwangangi akaanza kuomba kuongezwa muthokoi, tena bila kusema asante.

Mwaka uliofuata alikufa kwa ugonjwa wa moyo. Maumivu ya kifua alikuwa nayo kwa miezi, daktari alisema, na hakumwambia mtu. Mwelu hajamsamehe kwa hilo. Kila Jumapili humlalamikia Mungu juu yake, kwa sauti, na waliokaa karibu humwachia nafasi kwenye benchi.