Kitambaa cha Pansy

Kulungu jike alipogongwa na lori akafa, jirani yangu Verna, mjane asiye na mtoto, alimchukua ndama aliyeachwa akamlea jikoni kwa chupa. Akamwita Pansy. Huku kwetu kwenye milima ya Appalachia, Marekani, sheria ya jimbo inakataza kufuga mnyama wa porini. Tulijua sote, tukanyamaza.

Msimu wa kuwinda ulipokaribia, Verna alimfunga Pansy shingoni kitambaa cha rangi ya chungwa, kama wanachovaa wawindaji ili wasipigane risasi.

“Sasa nimwone mpumbavu atakayemlenga,” akaniambia.

Wawindaji wakampita. Lakini askari wa wanyamapori, akiwa barabarani, aliona kitambaa kinawaka kati ya miti. Akaja kugonga mlango wa Verna, nami nikiwa jikoni kwake.

“Mama, huyu kulungu ni wako?”

“Ni mwanangu.”

“Pole, mama. Aliyezoea watu harudishwi porini. Sheria inasema auawe.”

“Nipige risasi mimi basi!”

Nilimtukana askari yule matusi yote niliyokuwa nayo. Alinyoosha mkono tu, na Pansy akamwendea mbio, akidhani ameletewa tufaha.