Mkufu wa Miwani

Katika kanisa letu la Kisabato mwanamke havai mkufu. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo ukutani, wala sijasikia mtu aliyefukuzwa kwa kuivunja. Lakini mama yangu, aliyebatizwa huko akiwa msichana, hajapata kutia pambo shingoni, masikioni wala kidoleni, hata siku ya harusi yake. Ndiyo sababu watu hustaajabu wanaposikia kwamba kitindamimba wake, mdogo wangu, huishi kwa kutengeneza mikufu. Ana kibanda mjini Kisii, na shingo yake ni tupu kama ya mama.

“Mbona wewe mwenyewe hujavaa?” mteja mmoja alimwuliza nikiwa nimeketi naye.

“Kwani mwenye baa lazima alewe?” alijibu, macho yakiwa bado kwenye koleo.

Nilikuwa nimestaafu kufundisha chuoni na kurudi nyumbani, upande wa Sironga, wakati mama alipoanza kurudishiwa majani ya chai aliyopeleka kuuza. Tangu ujana wake alikuwa akichuma majani mawili na chipukizi, hivyo tu. Sasa karani wa kituo cha kununulia chai alikimimina kikapu chake na kukuta majani magumu, vijiti, hata jani la mti mwingine. Daktari wa macho alitueleza kwa upole kwamba presha ya macho ilikuwa imekwisha kula sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuona, na kwamba kilicholiwa hakirudi. Alitoa dawa ya matone ili kukilinda kilichobaki, na miwani mizito ili kukitumia.

Miwani hiyo ilipotea kila siku. Tuliiokota chini ya migomba, tuliikuta ndani ya ungo wa chinsaga, zile mboga chungu azipendazo, na mara moja ng’ombe nusura aikanyage. Nikaamua kumtengenezea mkufu wa kuining’iniza shingoni, na kwa kuwa nilitaka uwe kazi ya mikono yangu, nilimwomba mdogo wangu anielekeze.

Tulichagua shanga za jiwe la sabuni, lile jiwe laini la wachongaji wa Tabaka, zilizotiwa rangi ya samawati. Kila ushanga hupewa kipande chake cha waya wa shaba. Waya hupindwa kwa koleo yenye ncha za mviringo hadi ufanye kitanzi, na mkia wake huzungushwa chini ya kitanzi hicho hadi ukaze. Kisha ushanga hutiwa, na kitanzi cha pili hupindwa upande wa pili. Lakini kabla ya kukifunga, ni lazima kwanza kipitishwe ndani ya kitanzi cha ushanga uliotangulia, kwa maana waya ukishazungushwa haufunguki tena ila kwa kukatwa. Nilifanya kazi hiyo polepole, kwa tumaini ambalo sikumtajia mtu: nilijiaminisha, kinyume cha yote niliyoelezwa, kwamba miwani ikikoma kupotea, macho nayo yangekoma kupotea.

“Dada, unakaza kama mtu anayetia kufuli,” mdogo wangu alisema. “Legeza mkono. Haukimbii.”

Sabato ya kwanza mama alipouvaa, mzee wa kanisa, jirani yetu wa tangu zamani, alitusimamisha mlangoni.

“Mama, hicho kilicho shingoni ni nini?”

“Ni kamba ya miwani.”

“Kamba ya rangi hiyo?”

“Mzee,” mama alisema, “na hiyo tai yako, inashikilia nini?”

Wanawake waliokuwa nyuma yetu walicheka, na mzee mwenyewe akacheka kuliko wote. Hata hivyo hakukubali kushindwa bure. “Sawa. Lakini siku miwani isipokuwa na kazi, hiyo itakuwa nini?”

“Siku hiyo itakuwa pambo,” mama alijibu, “na nitalivua mwenyewe.”

Mvua zilipita, na chai ikachumwa na watu wengine. Mama alitia matone yake asubuhi na jioni bila kukosa. Kila nilipomwuliza kama anaona, alijibu kwamba anaona vya kutosha. Kanisani aliivaa miwani, akakifunua kitabu cha nyimbo pale jirani yake alipofunua, akaimba beti zote pamoja nasi. Nimeyatumia maisha yangu kuwafundisha vijana kwamba maandishi yasomwe jinsi yalivyo, si jinsi tunavyotamani yawe. Lakini nilipoketi kando yake na kuona kwamba kitabu kilikuwa wazi kwenye wimbo mwingine kabisa, nilijiambia kwamba anazijua nyimbo kwa moyo na hana haja ya kutazama.

Kisha ikaja Sabato moja ya baridi. Nilimkuta ameketi kitandani, amekwisha kuvaa, na mkufu umelala kiganjani mwake pamoja na miwani. Alikuwa akiupitisha kidoleni ushanga mmoja mmoja.

“Shika,” alisema.

“Vaa, mama. Tunachelewa.”

“Nilimwahidi mzee.”

Ilinichukua muda kuelewa alichokuwa akiniambia. “Tangu lini?” niliuliza.

“Tangu mahindi yakiwa machanga. Nilikuwa nangoja labda dirisha litarudi. Lile dirisha la jikoni, nilikuwa bado naliona kama kitu cheupe. Sasa halipo.”

“Vaa tu. Hakuna atakayejua.”

“Mimi ninajua, mwanangu. Nivae miwani ya nini?”

Niliuweka mkufu mezani, nikampa mkono, na kwa mara ya kwanza alinishika kiwiko njia nzima, akiyapima mawe kwa kiatu kabla ya kukanyaga.

Mzee alikuwa mlangoni kama kawaida. Aliitazama shingo ya mama, akafungua kinywa kumtania, kisha akamtazama machoni.

“Mama,” alisema kwa sauti ya chini, “ungebaki na kamba yako tu.”

“Ni wewe, mzee?” mama aliuliza, na akaunyosha mkono kumsalimu, upande ambao mzee hakuwapo.